Mwaka Niliomnyang'anya Bibi Yustina Jembe

Siku ya kuniaga, wenzangu wa kliniki mlinizawadia kiti kikubwa cha kuegemea, chenye mito miwili na mahali pa kuwekea miguu. Nilishukuru, nikapiga nacho picha, na jioni ile ile nikamkabidhi mume wangu. Muuguzi aliyetumia miaka yake yote kuwainua wazee kutoka vitini anapewa kiti! Nimewasamehe, maana najua mlinunua kwa upendo.

Ombi lenu la pili, kwamba niwaandikie niliyoyaona kazini, nimelichukulia kwa uzito zaidi. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vichache na vilichelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya presha, moyo na miguu ya wazee wetu wa Kibondo na Kasulu, na juu ya kosa langu moja ambalo sikuwahi kuliweka kwenye ripoti yoyote.

Nilianza kazi Kibondo nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Sare yangu ilipigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, na viatu vyangu vyeupe viliharibiwa na matope mekundu ya masika kabla ya saa nne asubuhi. Aliyenipokea alikuwa Tabibu Balthazari, mtu mrefu, mkimya, mwenye kipimo cha presha cha zebaki ndani ya kisanduku cha bati. Kisanduku hicho hakuna aliyeruhusiwa kukibeba ila yeye. Alikitia kwapani akatembea nacho kama mama anayepeleka kuku sokoni, na akikaa alikiweka magotini.

Siku hiyo ya kwanza alinikabidhi kipimo kwa mikono miwili, akaenda kuona wagonjwa wa wodini. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mwembamba aliyekuja na maumivu ya jino. Nikaona heri nimpime na presha, nionekane mchapakazi. Nikamfunga kitambaa mkononi, nikajaza hewa, nikasikiliza, na nilichokisikia kilinifanya nikimbie korido nzima.

"Tabibu, mzee wa watu anakufa!"

Tabibu akaja bila haraka. Akamtazama mzee, kisha akainama kutazama chini ya benchi, ambako palikuwa na mkungu mkubwa wa ndizi.

"Amefika saa ngapi?" akaniuliza.

"Sasa hivi."

"Na huo mkungu umekuja wenyewe?"

Mzee alikuwa ameubeba kichwani kutoka bondeni, kilima kizima. Tabibu akamkalisha, akamwegemeza mgongo, akampanga miguu chini bila kuipishanisha, akauweka mkono juu ya meza usawa wa moyo. Tukasubiri dakika tano. Alipopima tena, presha ya mzee ilikuwa nzuri kuliko yangu mimi niliyetoka kukimbia. "Huyu haumwi moyo, Sista," akasema. "Huyu amepanda mlima. Mng'oe jino aende zake."

Kutoka siku hiyo nikayashika masharti ya Tabibu: mgonjwa akae dakika tano, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, na watu wote wanyamaze, pamoja na muuguzi. Hili la mwisho ndilo gumu kwetu Waha. Mtu hawezi kukaa mbele yako dakika tano bila kukuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za maharage, na ukimnyamazisha anaona umemkasirikia. Nilijifunza kuwahi kumaliza salamu zote mlangoni, kabla mgonjwa hajafika kitini.

Miaka ile wagonjwa wa presha walikuwa wa kuhesabu. Kazi yetu ilikuwa malaria, wazazi, watoto wa kuharisha na mifupa ya watu walioanguka kutoka kwenye miti ya maparachichi. Wazee walitembea. Hawakuita mazoezi. Waliita kwenda kisimani, kwenda kanisani, kwenda kumjulia hali shemeji. Sikuona ajabu yoyote katika hilo, na ndiyo maana lilipoanza kupotea sikuliona likipotea.

Baadaye nilifanya kazi kwa muda katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako akina mama wa Kikongo waliniambia, "Sista, tansio yangu inapanda, nipime," wakimaanisha presha, na ndipo nilipoanza kuona mistari mirefu ya watu wanaokaa sana na kuwaza sana. Kisha nikahamia Kasulu, nikapewa kliniki ya presha ya kila Alhamisi. Wakati huo bodaboda zilikuwa zimeingia. Wazee waliozoea kutembea saa mbili walishushwa mlangoni kwetu kabisa, na wengine waliomba bodaboda iingie mpaka chini ya veranda. Mlinzi wetu alipigana vita hiyo miaka yote na hakuwahi kuishinda.

Sasa nifike kwa Bibi Yustina.

Bibi Yustina alikuwa mjane wa Kagerankanda, mwenye miaka sitini na kitu. Hicho kitu hakuna aliyekijua. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, na mikono iliyojaa sugu za jembe. Mtoto wake mkubwa, Zakaria, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Kasulu mjini, na ndiye aliyemleta. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vilikataa kuingia, alihema akiongea, na presha ilikuwa juu sana hata baada ya zile dakika tano. Daktari wa siku hiyo akaona moyo umechoka, akamwanzishia dawa. Mimi nikapewa kazi ya kumwelekeza na kumwandikia maelezo.

Nikachukua daftari lake la kliniki nikaandika: "Apumzike. Asifanye kazi nzito." Nikapiga mistari miwili chini ya neno "Apumzike", kwa sababu siku hiyo nilikuwa na kalamu mpya.

Wiki ile neno lilikuwa sahihi. Mtu aliyevimba na kuhema hivyo hawezi kuambiwa akalime. Lakini sikuandika mpaka lini. Nilimpa Bibi likizo, nikasahau tarehe ya kurudi kazini.

Na kwetu Buha neno kama hilo halibaki kwenye daftari. Mama mzee akionekana bado ameinama shambani, watu hawamsemi mama, wanamsema mtoto: ana duka, ana nyumba ya bati, na mama yake analima! Mtoto mwenye uwezo anasubiri sababu ya kumwondolea mama jembe, nami nilimpa Zakaria sababu yenye mhuri. Alikwenda Kagerankanda siku ile ile, akaingia ndani, akalichukua jembe la mama yake na kuondoka nalo. Akamhamishia mama kwake mjini, akamwekea kiti kizuri sebuleni, akamtafutia msichana wa kumtekea maji na kumpelekea chakula pale pale alipokaa. Watu walimsifu. Mimi mwenyewe nilimsifu, mbele ya wagonjwa wengine, nikiwaambia waige.

Kwa mwaka mzima Zakaria alikuja yeye kuchukua dawa, ili mama asisumbuke, nami nikampa bila kumwona mgonjwa. Hilo ni kosa la pili, na msilirudie.

Mwaka ulipopita, akamleta kwa gari la kukodi. Sikumtambua. Yule mwanamke wa kuamrisha alikuwa ameshikwa huku na huku, mapaja yamekwisha, uso umejaa, macho yapo mbali. Uvimbe ulikuwa umepungua lakini presha ilikuwa bado juu, na kutoka garini mpaka benchi alisimama mara tatu kuvuta pumzi.

"Bibi, unapumzika kweli?" nikamuuliza, kwa sauti ile tunayotumia kuwakagua wagonjwa.

"Nimepumzika mpaka nimechoka, mwanangu," akasema. "Sasa nangoja tu mnizike."

Mwaka huo tulikuwa tumepata daktari kijana, Dokta Neema, msichana wa umri wa kitinda mimba wangu, anayevaa raba kazini na kupanda ngazi kwa kukimbia. Akalifungua daftari, akaona mistari yangu miwili.

"Nani aliandika hapa?"

"Mimi."

"Mpaka lini?"

Dokta Neema hakunigombeza, na nilitamani angenigombeza. Alivuta kiti akanieleza taratibu kwamba moyo nao ni msuli, kwamba mgonjwa wa namna hii akishatulia kwa dawa anapaswa kurudi kutembea kidogo kidogo chini ya uangalizi, na kwamba miguu inayotembea inausaidia moyo kusukuma damu. Kinachobaki kitini mwaka mzima kinanyauka, hata kwa mtu mwenye afya. Akampima upya, akabadilisha dozi, akasema tumwone baada ya wiki mbili. Usiku ule sikula vizuri. Nilikuwa na aibu, na niliogopa kwamba tumechelewa.

Baada ya wiki mbili presha ilikuwa imeshuka na kifua kimetulia. Dokta akaruhusu tuanze. Nyumba ya Zakaria ilikuwa njiani kwangu, nikawa napita kila jioni nikitoka kazini. Wiki ya kwanza: kutoka kitini mpaka mlangoni na kurudi, mara nne. Kuinuka kitini bila kushika mahali, mara tano, na ya tano alinitukana kwa Kiha, nikafurahi kwa sababu nguvu za kutukana zilikuwa zimerudi. Wiki ya pili: mpaka getini. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio ovyo, anaacha papo hapo na wananiita.

Ili kujua kasi inayomfaa nilitumia kitu ambacho kila Muha anacho: salamu. Nikamwambia, "Bibi, ukiwa unatembea, nisalimie. Ukiweza kumaliza salamu zote, nyumba, watoto, mifugo, mvua, bila kukatika pumzi, kasi ni nzuri. Ukiweza na kuimba, unazembea, ongeza mwendo. Ukijibu 'mm' tu, punguza." Kipimo hiki mnakitumia hadi leo na mnadhani kimetoka Dodoma. Kimetoka kwenye veranda ya Zakaria.

Wiki ya tatu tukatoka barabarani, na kipimo changu kikagonga mwamba. Kwetu mkubwa hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, naye anasimama anakujibu mpaka mwisho. Bibi Yustina alikuwa hajaonekana nje mwaka mzima, na mtaa wote ulitaka kumsalimia. Hatua sita, salamu. Hatua nne, salamu. Nilitazama saa yangu: muda wote niliomtengea kutembea ulikwisha kabla hatujamaliza ukuta wa jirani, na Bibi alikuwa amechoka kwa kusimama, siyo kwa kutembea.

Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo. Huwezi kuwaambia watu wa Kasulu wasimsalimie mama mzee, watakuona umerukwa na akili. Mume wangu ndiye aliyeniokoa, akiwa hata hasikilizi vizuri. "Si wamsindikize tu," akasema huku akitafuta redio yake.

Kumsindikiza mtu nako ni heshima, na ukimsindikiza hamsimami, mnakwenda. Kesho yake nikatangaza amri ya kliniki, nikaisema kwa sura kavu kabisa ili isijadiliwe: Bibi Yustina hasimamishwi, anayetaka kumsalimia amsindikize, salamu zimalizike njiani. Wa kwanza alikuwa mke wa fundi cherehani, mwenye sukari. Wa pili, mama mmoja mwuza duka Mwislamu, mwenye magoti mabovu na maneno mengi. Baada ya mwezi Bibi alikuwa mbele na akina mama saba nyuma yake, wakisalimiana mpaka mwisho wa barabara. Nusu yao walikuwa na daftari kwangu, na presha zao zilianza kushuka bila mimi kuwafanyia lolote la maana.

Ndipo Bibi akasema analotaka. Alitaka kurudi kwake Kagerankanda kabla ya msimu wa maharage, na alitaka jembe lake.

Zakaria akakataa. Alikuja kliniki peke yake, akafunga mlango. "Sista, mama akifia shambani, nitamwangalia nani usoni? Watasema Zakaria ana duka, ana bati la kuuza, na amemwacha mama yake afie kwenye tuta." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikaona kwamba hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa, nami ndiye niliyemfundisha kuogopa. Nikamwambia hivyo hivyo: neno lile niliandika mimi, na nilikosea kuliacha wazi.

Mwishowe akatoa sharti: mama apande kilima cha kutoka mtoni mpaka kliniki kwa miguu yake, yeye Zakaria akiwa nyuma yake ili amdake akianguka. Dokta Neema alilirekebisha sharti. Bibi ana ruhusa kusimama wakati wowote, twende asubuhi kabla ya jua, na yeye mwenyewe atakuwepo na kipimo.

Alhamisi ile nilisimama kwenye veranda nikiwangoja. Nilimwona Bibi akitokea kwenye kona ya chini, kitenge amekifunga imara, Dokta Neema ubavuni. Alisimama mara moja kwenye kivuli cha mgomba. Akasimama mara ya pili penye jiwe. Kisha akaja moja kwa moja, polepole, bila kutazama kando, na alipokanyaga ngazi ya veranda alianza salamu za Kiha: "Mwakeye, Sista." Akaniuliza nyumba, akaniuliza watoto, akaniuliza mvua ya kwetu Kibondo, akamaliza zote. Mimi ndiye niliyekatika pumzi, kwa kulia.

Zakaria alifika baadaye. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kitambi cha mtu anayeuza misumari akiwa amekaa. Alishika nguzo ya veranda kwa mikono miwili.

"Habari za kilima, baba?" nikamuuliza.

"Mm," akasema.

Nikamkalisha. Nikampa dakika zake tano, kisha nikamwongezea tano nyingine kwa huruma. Presha ilikuwa juu. Tukampima kesho yake, na wiki iliyofuata, ikawa juu vile vile, nasi tukamfungulia daftari. Siku tulipomfungulia, mama yake alikuwa amekaa pembeni, amekunja mikono.

"Na huyu naye mtamwandikia apumzike?" akauliza.

"Hapana, Bibi," akasema Dokta Neema. "Huyu tutamwandikia alime."

"Basi aniletee langu, na la kwake anunue. Si analiuza mwenyewe?"

Jembe alilileta Jumamosi. Kumbe lilikuwa dukani muda wote, limefungwa kwenye gunia nyuma ya mabati, na alikuwa amelitia mpini mpya, mwepesi. Bibi akaupima mkononi, akasema mpini ni wa mtoto wa shule, lakini hakuurudisha.

Alirudi Kagerankanda tukiwa tumepatana: kulima asubuhi na mapema, eneo dogo, tuta moja kisha kivuli, dawa kila siku bila kuruka, chumvi kidogo, na kliniki aje yeye mwenyewe kila mwezi. Sehemu ngumu alilima Zakaria siku za Jumamosi, na suruali zake zikaanza kuhitaji mkanda. Tulikuwa hatujui kama Bibi angemaliza msimu. Aliumaliza.

Alikuja kliniki na maharage mabichi ndani ya kitambaa, presha yake nzuri, kucha zimejaa udongo. Wagonjwa wengine walikuwa wamekwisha kuondoka. Nikafunga mlango nikamwomba radhi, jambo ambalo hakuna aliyenifundisha chuoni. Nikamwambia mwaka ule wote wa kitini niliupoteza mimi.

"Najua," akasema.

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa kukaa kitini. Miguu ilikuwa inanidai shamba. Nilijua umekosea."

"Sasa Bibi, mbona hukuniambia?"

Akanishangaa. "Ningekuambiaje, mwanangu? Ulikuwa umeshaandika."

Nikaliomba daftari lake. Nikatafuta ukurasa, nikalikuta neno langu na mistari yake miwili, nikalikata mbele ya macho yake, nikaweka tarehe na sahihi pembeni kama tunavyofundishwa. Bibi Yustina hajui kusoma. Alilivuta daftari karibu na dirisha, akaukagua ukurasa kwa muda, akanirudishia.

"Kaza kalamu, Sista," akasema. "Bado linaonekana."